Mama Vitufe na kosa alilolirudisha kwa mkono wake

Saa tatu na nusu asubuhi, siku ya Jumamosi, skrini ya kompyuta imefunikwa kwa taulo la kuogea. Kipanya kimefungiwa kwenye kabati la vyombo, nyuma ya sufuria kubwa. Mbele ya taulo ameketi mwanamke aliyevaa sare ya kliniki ingawa leo si zamu yake, na vidole vyake vinaanguka juu ya kibodi kama mvua juu ya bati.

Nyuma yake amesimama mwanamke wa pili, daftari mkononi, anahesabu kila anapobonyeza.

"Tarehe. Mara mbili. Uzito. Mara moja," anaandika. "Wifi, hapo umebonyeza mara mbili tena."

"Mimi? Sijabonyeza kitu," anajibu aliyeketi, wala hapunguzi mwendo. "Vidole ndivyo vimebonyeza. Viulize vyenyewe."

Anayehesabu ana umri wa miaka thelathini na tisa. Mtaani anajulikana kama mke wa fundi friji. Wenzake wa kazi, ambao wengi wao hajawahi kuonana nao ana kwa ana, wanamwita Mama Vitufe. Aliyeketi ni dada wa mumewe, karani wa kliniki ya watoto iliyo mitaa mitatu kutoka hapo.

Wanachokijaribu ni fomu ya kupima uzito wa watoto. Fomu hiyo ni sehemu ya programu huria inayotumika katika kliniki mia mbili na kumi. Programu ya namna hiyo haiuzwi. Msimbo wake, yaani maandishi yanayoielekeza kompyuta la kufanya, uko wazi kwa kila mtu: anayetaka anausoma, anayeweza anaurekebisha, na kliniki yoyote inaichukua bure.

Ni mradi mkubwa. Wapo wanaoshughulikia kumbukumbu za wagonjwa, wapo wa dawa, wapo wa ripoti. Mama Vitufe anasimamia kile kinachoonekana kwa macho. Kila kitufe kinachobonyezwa, kila kisanduku kinachojazwa na kila dirisha linalofunguka katika programu hiyo hutoka kwenye kifurushi chake cha zana.

"Wenzangu wanajenga nyumba, mimi natengeneza vitasa," anasema. "Hakuna mtu anayesifia kitasa. Ila siku kikikwama, jina langu linatajwa nyumba nzima."

Jumatatu saa tisa alasiri jina lake litatajwa tena. Wajumbe tisa wa baraza la mradi watakutana kwa njia ya mtandao na kupiga kura juu ya swali moja: kifurushi chake kibaki, au kiondolewe na nafasi yake ichukuliwe na kingine kilichotengenezwa na kampuni kubwa, kipya, kinachong'aa. Kikiondolewa, kazi yake ya miaka kumi na moja itawekwa kabatini pamoja na kile kipanya.

Kilichosababisha kura hiyo ni kosa alilolifanya miezi miwili iliyopita. Na kosa lenyewe lilikuwa kusahihisha kosa.

Mama Vitufe hakusomea kompyuta. Alianzia kwenye duka la kuchapa, akipiga barua za maombi ya kazi, risala za harusi na karatasi za mitihani. Kompyuta ya duka ilikuwa na programu hii kwa sababu kliniki ya jirani ilikuwa ikileta fomu zake kuchapishwa hapo. Siku moja aliona kitufe cha kusimamisha kazi kimetafsiriwa kwa neno moja: Ua.

"Hebu fikiria mama anachungulia skrini," anasema. "Anaona jina la mwanawe, halafu hapo chini yake kuna kitufe kimeandikwa Ua. Nilishindwa kulala na jambo hilo. Nikauliza, nani mwenye programu hii? Nikaambiwa, haina mwenyewe, rekebisha."

Ilimchukua wiki tatu kujua neno hilo linakaa wapi ndani ya msimbo, na dakika moja kuliandika upya: Simamisha. Huo ndio mchango wake wa kwanza. Wa pili ulikuwa rangi ya kisanduku. Baada ya miaka miwili alikuwa akiwasahihisha wengine, na aliyekuwa msimamizi alipochoka, alimwachia funguo.

Kwa miaka sita ya mwanzo hakulipwa. Sasa mradi unamlipa saa kumi kwa wiki, naye anafanya zisizopungua thelathini. Malipo hayo yanatosha kodi ya vyumba vitatu na umeme, na kinachobaki kinanunua chakula cha siku kumi na mbili.

"Siku kumi na nane zilizobaki ni za mume wangu na friji za watu," anasema.

Watu mia moja na arobaini wamewahi kuchangia kwenye kifurushi hicho. Wanaoitikia leo wakiitwa ni watatu, na mmoja wao yuko masomoni mpaka mwakani.

Nyumbani, kazi hiyo haieleweki kwa urahisi. Mama mkwe wake, aliyekuja kukaa nao mwezi mzima na kumkuta kila siku mbele ya skrini ileile, alimwuliza kwa upole, "Mwanangu, hivyo vitufe bado havijaisha?"

Kosa lilikuwa dogo kwa macho. Kwenye fomu ya uzito, kati ya kisanduku cha tarehe na kisanduku cha uzito wa leo, palikuwa na kisanduku cha tatu kisichoonekana. Kiliachwa hapo na mchangiaji mmoja ambaye baadaye alipata kazi kwingine na hakusikika tena. Mtu akibonyeza Tab, kitufe cha kumhamisha kutoka kisanduku kimoja hadi kingine, anatua kwenye hicho kisichoonekana. Ili afike kwenye uzito, inambidi abonyeze mara mbili.

Kwa miaka mitano kisanduku hicho kilikaa humo kama mgeni ambaye hakuna anayekumbuka alikuja na nani. Mama Vitufe alikikuta mchana mmoja akisafisha msimbo. Akakifuta. Ulikuwa mstari mmoja tu. Wachangiaji kumi na wanne kutoka mradi mzima walimpongeza.

"Nilijisikia kama nimemtoa mtu mwiba mguuni," anasema. "Kumbe mwenyewe alishajifunza kutembea nao."

Ili kulielewa jambo hilo, ni lazima kuingia kliniki anayofanyia kazi wifi yake. Chumba kina madirisha mawili, mabenchi manne na mizani inayoning'inia kwenye ndoano. Kufika saa sita mchana, watoto themanini wanakuwa wameshapita. Mtoto anavuliwa, anavalishwa mkanda, anatundikwa, na palepale anaanza kulia. Muuguzi anapaza sauti juu ya kilio: "Saba nukta mbili!" Karani anaandika.

Karani haangalii skrini. Jicho moja liko kwenye kadi ya mtoto, la pili kwenye foleni. Vidole vinakwenda peke yake: tarehe, Tab, Tab, uzito. Vimefanya hivyo miaka mitano, kutwa mara themanini.

Kisanduku kilipofutwa, vidole havikupata habari. Viliendelea kubonyeza mara mbili, vikaruka uzito wa leo na kutua kwenye kisanduku kinachofuata, cha uzito wa mara iliyopita. Hicho hujazwa na kompyuta yenyewe na hakuna anayekigusa. Basi uzito wa leo ukaandikwa juu ya uzito wa mwezi uliopita, na mahali pa leo pakabaki patupu.

Kompyuta haikulalamika. Watoto wengine huja kwa chanjo tu na hawapimwi, kwa hiyo ilifundishwa kuwa kisanduku cha uzito kikiwa kitupu si kosa. Na kwa kuwa hakukuwa na uzito wa leo wa kulinganisha na wa mwezi uliopita, kile kidoa chekundu kinachomwonyesha karani kuwa mtoto amepungua hakikumtokea mtu yeyote.

Hali hiyo ilidumu siku kumi na moja. Kliniki zilizokuwa zimechukua toleo jipya zilikuwa sitini na nne. Watoto walioandikwa mahali pasipo pao walikuwa elfu tatu mia nane na kumi na wawili.

Aliyegundua ni wifi, na hakugundulia kwenye kompyuta. Aligundulia kwenye soksi.

Kulikuwa na mtoto wa kike wa miezi tisa ambaye karani alimkariri kwa sababu kila mwezi aliletwa na soksi moja, nyingine ikiwa imeangukia njiani. Mwezi uliotangulia soksi hiyo ilikuwa inambana, muuguzi akaivuta kwa nguvu kuivua. Safari hii iliteleza yenyewe mtoto alipotundikwa, ikaanguka sakafuni.

"Nikaiangalia ile soksi, nikamwangalia mtoto, nikaangalia skrini," anasema karani. "Skrini imenyamaza kimya. Nikasema, hapana, hapa kuna mtu ananidanganya."

Chini ya meza yake ana daftari la shule la kurasa mia mbili. Mkuu wa kliniki alishamkataza, akisema siku hizi kila kitu kiko kwenye mashine. Yeye aliendelea kuandika humo kwa siri, kwa sababu umeme ukikatika, foleni haikatiki. Daftari lilisema: mwezi uliopita, saba nukta tisa. Leo, saba nukta moja. Kompyuta ilisema: mwezi uliopita, saba nukta moja. Leo, hakuna.

Mtoto alipelekwa kwa daktari saa ileile. Kisha karani akatoka nje na kumpigia simu mke wa kaka yake. Wote wawili wanayakumbuka mazungumzo hayo neno kwa neno.

"Wifi, umefanya nini kwenye mashine zetu?"

"Nimewarahisishia. Nimewapunguzia kubonyeza."

"Nani alikwambia tumechoka kubonyeza?"

Mama Vitufe alianza kuifungua fomu ya uzito kwenye kompyuta yake.

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," karani aliendelea. "Sisi tumekilalia miaka mitano, tunajua kila kunguni anakaa wapi. Wewe umekuja na dawa yako, umetuhamishia kitanda na sisi tumo usingizini."

Mumewe aliporudi kula chakula cha mchana alimkuta ameshika tama mbele ya kompyuta. Alimsikiliza mpaka mwisho, mikono yake ikiwa bado na grisi.

"Friji ikiharibika baada ya mimi kuigusa, kwanza nairudisha ilivyokuwa," alimwambia. "Maswali baadaye. Mama Watoto, rudisha."

Akarudisha. Alikiandika upya kile kisanduku kisichoonekana, mstari uleule, mahali palepale, na katika dakika arobaini toleo lilikuwa limetoka. Mchangiaji mmoja aliandika kwenye ukurasa wa mradi kwamba ni mara yake ya kwanza kuona mtu anapanda gugu kwa makusudi na kulimwagilia maji.

Mradi huo una desturi: anayevunja kitu huandika barua kwa wote, bila kuficha na bila kumtupia mwingine lawama. Barua ya Mama Vitufe ilikuwa na kurasa mbili. Sehemu inayonukuliwa zaidi ni hii: "Nililijaribu badiliko hili kwa kipanya, macho yangu yakiwa kwenye skrini. Karani hatumii kipanya, na macho yake yako kwa mtoto. Kwa hiyo sikujaribu kitu."

Kisha ikaja kazi ya kurudisha namba mahali pake. Nakala za akiba zilisaidia kuwasahihisha watoto elfu tatu mia saba na tisini. Waliobaki ishirini na wawili hawakuwa na nakala. Hao aliwatafuta kwa simu, kliniki moja baada ya nyingine, na katika kliniki karibu zote alikuta karani mwenye daftari chini ya meza.

"Kila mmoja alinong'ona," anasema. "Kila mmoja akaniambia, tafadhali usimwambie bosi."

Baraza la mradi lilisoma barua hiyo, na ndipo hoja ya kura ilipoletwa. Mwenyekiti wake hana maneno makali.

"Hakuna anayeshuku uaminifu wake," anasema. "Lakini kliniki mia mbili zinategemea mtu mmoja na meza ya jikoni. Hilo ni swali halali, hata asingekosea."

Mama Vitufe mwenyewe anakubali kuwa ni swali halali. Anachokikataa ni jibu.

"Kifurushi kipya nimekijaribu. Kizuri, sina wivu nacho," anasema. "Ila hakina kile kisanduku. Siku kitakapowekwa, vidole vya makarani wote vitaruka tena, halafu hakuna atakayejua kwa nini, kwa sababu aliyekitengeneza hajui kuwa kulikuwa na kisanduku."

Ndiyo maana Jumamosi hii taulo liko juu ya skrini. Amekibadilisha kisanduku kisichoonekana ili kipitishe namba. Anayebonyeza mara mbili anafika kwenye uzito kama zamani. Anayebonyeza mara moja anatua kwenye kisichoonekana, lakini namba atakayoandika hapo inasukumwa mbele hadi kwenye uzito. Kisanduku cha mara iliyopita kimefungwa kabisa.

Wazo lake la kwanza lilikuwa tofauti. Alitaka kompyuta itoe mlio karani akitua pabaya.

"Mlio!" wifi anacheka mpaka anaacha kupiga chapa. "Watoto themanini wanalia pale, wewe unataka na mashine nayo ilie? Ungeweka king'ora cha zimamoto nisingekisikia."

Karani anaandika watoto arobaini wa kubuni. Majina anayatoa kichwani: Mtoto Sufuria, Mtoto Foleni, Mtoto Taulo, Mtoto Mama Mkwe Amekuja. Taulo linaondolewa. Uzito wa wote arobaini uko mahali pake.

Linabaki jaribio la mara moja, na hapo karani anashindwa. Kila akijaribu kubonyeza Tab mara moja, kidole kinaongeza ya pili. Inabidi aitwe fundi friji kutoka uani. Anakaa, ananyoosha kidole kimoja na kugusa kibodi kama anayepima joto la pasi.

"Kaka, utamaliza lini?" anauliza dada yake. "Huyu mtoto unayemwandika atafika mezani ana ndevu."

"Wewe mwenye haraka ndiye uliyeruka uzito," anajibu.

Watoto kumi wanamchukua dakika ishirini na tano. Wote kumi wako mahali pao.

Jumatatu saa tisa, nyuso tisa zinajitokeza kwenye skrini, kila moja kwenye kijisanduku chake. Karani ametoka kazini moja kwa moja, kibandiko cha jina bado kifuani. Mwenyekiti anampa Mama Vitufe dakika tano. Anazitumia kugeuza kamera ielekee kwenye kibodi, kufunika skrini ya pili, yenye fomu, kwa taulo na kumwachia wifi yake kiti.

Karani anaandika watoto ishirini. Chumbani hakusikiki kitu ila vitufe. Taulo linaondolewa, namba zinaonekana.

Mjumbe mmoja anayekipendelea kifurushi kipya anamwonyesha karani picha yake: rangi tulivu, vitufe vikubwa, herufi safi. Anamwuliza kama haoni kuwa kinapendeza zaidi.

"Kinapendeza sana, ndugu yangu," karani anasema. "Lakini mimi sitakiangalia. Namwangalia mtoto."

Kura zinahesabiwa. Watano wanasema kibaki, wanne wanasema kiondolewe. Kifurushi kimepewa mwaka mmoja, kwa masharti mawili: Mama Vitufe amfundishe msimamizi wa pili, na pasitoke toleo lolote kabla karani anayefanya kazi kliniki hajalijaribu, skrini ikiwa imefunikwa na kipanya kikiwa mbali.

Mama Vitufe anaandika masharti hayo kwenye daftari na kuyapigia mstari. Hashangilii. Anatembea mpaka kabatini, anasogeza sufuria kubwa, anatoa kipanya na kukitazama kidogo kabla ya kukirudisha.

"Yaani kuanzia leo bila mimi hakuna toleo?" wifi anauliza. "Basi mimi ndiye bosi. Wifi, chai. Sukari vijiko viwili."

"Na taulo langu?" sauti ya fundi friji inasikika kutoka uani. "Siku ya tatu leo najifutia shati."

Mpango wa Mama Vitufe ni kutembelea kliniki kumi na mbili kabla mwaka wa majaribio haujaisha. Atakaa nyuma ya karani na daftari, kutwa nzima, bila kugusa kitu. Nauli ya kliniki tano za kwanza ameshaiweka. Anatarajia kurudi na orodha ya visanduku vingine ambavyo watu wamejifunza kuvikwepa bila kumwambia mtu.

Kwa msimamizi wa pili, ambaye bado hajapatikana, ameacha ujumbe ndani ya msimbo, juu ya ule mstari mmoja alioufuta na kuurudisha. Kompyuta huupita ujumbe wa namna hiyo. Umeandikwa kwa ajili ya macho ya watu.

"Kisanduku hiki hakionekani, na utadhani ni takataka," unasema. "Usikifute kabla hujakaa nyuma ya karani mmoja siku nzima."

Chini yake kuna mstari mwingine, ambao wifi aliusimamia uongezwe kabla hajainuka kwenda zake:

"Na ukija, usiongee. Tunasikiliza kilo."